Ufunguo wa Manono

Huguette hakuona, asubuhi ile, kwamba alikuwa akifunga mlango kabla ya kupeleka ufunguo.

Kompyuta ya redio ya Manono aliiendesha akiwa Kalemie, kwa SSH, njia ya siri inayomwezesha mtu kuingia katika mashine ya mbali na kuiamuru kwa maandishi. Siku zote aliingia kwa neno la siri. Lakini neno la siri huweza kuibwa; aliona afadhali ufunguo wenye nusu mbili, moja ibaki kwake, nyingine ikae Manono, zitambuane. Basi akaiamuru mashine ile isipokee tena neno la siri, akatoka. Alipotaka kurudi ili aiweke nusu ya pili, akajibiwa: ruhusa imekataliwa.

Alijaribu tena. Imekataliwa.

Nyuma yake alikaa Mama Immaculée, ambaye saa kumi mashine ya Manono ilipaswa kurusha hewani sauti yake, akisimulia hadithi za utoto wake. Faili ya kipindi ilikuwa bado Kalemie. Naye Urbain, mlinzi wa mtambo kule, simu yake haikupatikana.

«Mama, kuna tatizo kidogo.»

«Kidogo namna gani? Mie niliisha kuambia ukoo muzima! Shemeji kule Manono amenunua hata mapili mapya ya kuwasha redio. Nisiposikika, atanicheka mupaka tuzikane.»

«Nimejifungia inje, Mama.»

«Basi gonga!»

Huguette alicheka bila kupenda. Akaanza kufunga madirisha ya kompyuta yake moja moja, ili aizime na kuanza upya. Alipoliondoa lile la muziki, nyuma yake likatokea dirisha jeusi ambalo alikuwa ameingilia Manono mapema, kabla ya yote, kisha akalisahau. Kidole kikasimama hewani. Mashine iliambiwa iwakatae wanaobisha. Haikuambiwa imtoe aliyekwisha kuingia.

«Mama! Niko ndani! Kumbe sijatoka!»

«Ndani ya nini?»

«Ya Manono!»

«Basi usitikisike!»

Aliinakili nusu ya pili ya ufunguo humo, akafungua dirisha jipya, akabisha. Manono ikampokea. Ndipo akaandika scp, amri ya kupeleka faili kwa njia ileile ya siri, kisha jina la faili na mahali inapokwenda. Asilimia zikapanda, mtandao uliponyong'onyea zikasita, Mama Immaculée akizishangilia kama mtu aliye uwanjani, zikapanda tena mpaka mia.

Saa kumi ilipopita kidogo, simu ya Mama ililia. Alikuwa shemeji. Aliisogeza simu yake kwenye redio, na Mama akajisikia mwenyewe, akisimulia kutoka Manono.

«Njo mie! Ni mie huyo!» akapiga kelele, akimtikisa Huguette mabega.

Tangu siku hiyo Huguette hafungi dirisha la zamani kabla jipya halijafunguka.