Kipimo cha Masunga

Masunga alipoanza kukohoa na kukosa pumzi, alitangaza mbele ya ukoo mzima pale Zagayu kwamba amerogwa na Nyanjige, mjane wa kaka yake, kisa shamba la pamba. Nyanjige hakulia. Kwa hasira alimpakia shemeji yake kwenye bodaboda, akapanda nyuma yake na kumshikilia asianguke mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alimwingiza Masunga kijiti chenye pamba puani, akakizungusha, akakikorogea kwenye kichupa chenye maji ya kupimia, kisha akadondosha matone kwenye kipimo cha plastiki.

"Tusubiri dakika kumi na tano," alisema. "Ukitokea mstari wa juu peke yake, hatujaona kirusi. Ikitokea miwili, ni Korona."

Ilitokea miwili. Masunga akalazwa, akawekewa oksijeni.

"Shemeji, nisamehe," alisema alipoweza kuongea.

"Wanangu wanafukuzwa kisimani kwa sababu yako," Nyanjige alimjibu. "Kunichafua ulinichafua hadharani, halafu msamaha unaniomba chumbani, tukiwa wawili?"

Alipopona, Masunga aliwaita ndugu wote, akasema ukweli huku akitazama chini. Wazee wakafurahi, wakasema basi yameisha, ugali uletwe.

Nyanjige alisimama. Waliomwita mchawi walikuwa wananawa mikono, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Aliwachukua wanawe akaenda kuwapikia kwake.