Fagio za Jumamosi

Wewe unayesoma, umeshakaa katika nyumba ambamo unasikia hata mchwa wakitafuna mlango? Hivyo ndivyo alivyokaa Pétronille wa Kilibula, mwaka wa tatu wa uhuru. Mumewe Mathieu alikuwa amekufa, na mwanawe Thaddée alikimbilia Bujumbura fujo za siasa zilipoanza. Hakurudi.

Kilichobaki ni Jumamosi. Siku hiyo wanafunzi walikuja kuchukua fagio za shule, zile alizotengeneza kwa chelewa za mchikichi. Walikunywa maji ya mtungini, wakamaliza mihogo yake, wakagombana uani mpaka majirani wakanung'unika. Yeye aliwafokea, huku moyo umemjaa furaha.

Kisha komite ya wazazi ikakataa ununuzi ule wa zamani. "Direkteri wa shule ananunua kwa anayempenda," walisema. Na ilikuwa kweli: Mathieu alikuwa akiimba naye kwaya. Sasa kila muuzaji alete ufagio mmoja usio na alama, ujaribiwe mbele ya watu wote, na mshindi ndiye auzie shule.

Fagio za Pétronille zilijulikana kwa uzi wa buluu, wa wavu wa kuvulia wa marehemu mumewe. Safari hii aliufungua polepole, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake, ufagio akaukaza kwa kamba ya mgomba kama wengine. Aliwaza: nikishinda, watoto hawataacha kuja.

Siku yenyewe, fagio zikasugua changarawe ya uwanja wa shule. Wa Florentine, muuzaji wa sokoni, ukanyonyoka wote. Akacheka mwenyewe: "Yoo! Kumbe nimeleta kuku!"

Mmoja tu ulibaki mzima.

"Huu ni wa nani?" akauliza Evariste, karani wa komite.

"Ni wangu."

Wakapiga makofi. Evariste akasema: "Aksanti, Mama Thaddée. Sasa hutasumbuliwa tena na wale watundu. Kamiyo ya mizigo itapita kwako mara moja kila muhula, ibebe fagio zote."

Pétronille akashukuru. Akaenda hadi kwenye lango. Mkono wake ukashika fundo la kitenge, ukapapasa ule uzi. Akarudi.

"Mama, umesahau kitu?"

"Evariste, mwanangu, hiyo kamiyo ibakie huko huko. Miye ninataka watoto waje."