Damu ya Sefanaia

Siku Malakai, kijana wa hospitali, alipoleta mashine kijijini, Losaline alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo baadaye lilimuuma sana. Kijana alikuwa ametoka Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, kwa ndege ya asubuhi, viatu vinang'aa kuliko akili, shingoni kadi yenye picha yake utadhani asipoivaa atajisahau. Kaleta mashine ndogo ya kupimia sukari, na simu ya kupeleka namba hospitalini. Alizungumza nusu saa, sehemu kubwa kwa Kiingereza.

"Mama, ondoa wasiwasi," alisema. "Kuanzia leo hospitali inamwona mzee mchana na usiku, popote alipo."

Popote alipo! Na Losaline, aliyekwisha kumwona mumewe Sefanaia akikatwa vidole viwili vya mguu kwa ajili ya kisukari, akaamini. Daktari alishasema safari nyingine hakitakatwa kidole, utakatwa mguu.

Mashine ilikaa kwao siku mbili tu. Siku ya tatu akaja wifi yake, Kalolaine, dada mkubwa wa Sefanaia, akaiona mezani.

"Kizuri hiki," akasema, akaitia mashine kikapuni, na simu pia.

Basi. Kwa Watonga dada ndiye mkubwa. Akitakacho kwa ndugu yake wa kiume hukichukua, na ndugu hushukuru. Ndivyo lilivyokwenda jiko la gesi, na nguruwe jike mwenye mimba, na shuka za harusi ya binti yao. Sefanaia alitazama chini. Losaline, ambaye ni mke tu pale, alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Usijali," mumewe akamwambia baadaye. "Si kijana alisema wananiona popote?"

Na kweli, hospitali ikawa inaona. Kila wiki Kalolaine alipiga kelele kutoka uani kwake: "Losaline! Wamesema sukari yake iko juu! Ongeza sindano!" Losaline akaongeza ile insulini ya kushusha sukari aliyomchoma mzee kila siku. Akamnyima mzee viazi vikuu, akamnyima mihogo, akamnyima hata tui.

"Unakula wapi kwa siri, wewe?"

"Sijala kitu, mke wangu."

"Mwongo mkubwa! Hospitali inakuona!"

Mzee akakonda mpaka mkeka anaojifunga kiunoni kwenda kanisani ukawa unamteremka. Namba ikazidi kupanda.

Jumamosi moja, mzee akimenya viazi vya kuoka kesho yake kwenye tanuri la ardhini, kisu kikamponyoka. Jasho likamtiririka, macho yakawa hayamtambui mtu, akaanza kumwita mama yake aliyekufa zamani. Losaline akaona hii ni sukari iliyoshuka, si iliyopanda; alikoroga maji ya sukari akamnywesha kidogo kidogo, mengine yakimwagikia kifuani, huku analia na kumtukana Malakai na viatu vyake. Mzee alipopata fahamu na kuuliza kuna nini, Losaline akavuka ua bila hodi kufuata ile mashine.

Kalolaine alikuwa amekaa mkekani, mbele yake sahani ya nyama ya kopo na majani ya magimbi yanayoogelea kwenye tui, anajitoboa kidole. Kidole chake mwenyewe.

"Wifi, unafanya nini?"

"Kwani huoni? Nampimia ndugu yangu."

"Kwa damu yako?"

"Ulitaka aje akae na mimi chumba kimoja, mtu na dada yake, kama watu wasiolelewa? Baba mmoja, mama mmoja, damu ni ileile. Wiki saba najitoboa kwa ajili yake, hata asante sijapata!"

Losaline alitaka kucheka, akaona akicheka atapiga mtu. Hapo simu ikalia, Losaline akaipokea. Alikuwa Malakai.

"Hongereni! Mzee ndiye mgonjwa wetu mwaminifu kuliko wote, anapima mara nne kwa siku! Ila hii ya sasa hivi, kumi na tisa, haipendezi. Mwongezeeni sindano."

"Malakai," Losaline akasema, "unamwona mzee?"

"Namwona, mama. Yuko hapa kwenye kompyuta."

"Kavaa nini?"

Vidole vya kijana vikasikika vikibonyeza kompyuta.

"Hujui. Unayemwona ni dada yake, mpumbavu we! Sindano anachomwa mume wangu. Leo nusura mmuue."

Akakata simu. Kalolaine alikuwa ameweka sahani chini.

"Hiyo kumi na tisa," akauliza polepole, "ni ya nani?"

"Yako, wifi. Zote zilikuwa zako."

Losaline akaenda kwake, akamfunika mzee shuka, akafungua friji, akarudi na boksi la sindano. Akaliweka mkekani kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mke anavyotakiwa.

"Hili nalo ni la Sefanaia," akasema. "Zuri. Chukua."

Kalolaine akalisukuma pembeni kwa ncha ya kidole chenye matobo. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa ya Losaline, hicho ndicho kitu cha kwanza cha Sefanaia ambacho dada yake alikikataa.