Dole Gumba la Kwenda Kochi

Kilichomponza Bi Hawa Nampota ni mdomo wake mwenyewe. Siku ile Irene, afisa kilimo aliyekisimamia kikundi chao cha wanawake wabangua korosho pale Mpapura, alitangaza kwamba mmoja wao atapelekwa India kwa wiki mbili, akajifunze wenzao wa huko wanabanguaje bila kuvunja punje. Wanawake kumi na tisa wakainamisha vichwa. Bi Hawa, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote, akacheka.

"Sasa mnaogopa nini? Mimi hata mkinituma mwezini naenda, ilimradi mnifungie mihogo ya njiani!"

Makofi yakapigwa, kura zikapigwa, na kabla kicheko hakijamkauka usoni jina lake lilikuwa limeshaandikwa.

Huo ulikuwa mwaka 2003, korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Mji wenyewe uliitwa Kochi, na Irene alikuwa amewahi kufika huko. Alileta picha, zikapita mkono kwa mkono: meli zimebanana gatini, vivuko vimejaza watu mpaka mlangoni, wachukuzi na magunia vichwani, wauza samaki wanagombania kivuli. "Haya maghala mnayaona?" Irene aliwaambia. "Humu ndimo zinamoshukia korosho zinazotoka huku kwetu." Basi kijiji kizima kikawa kinapanga safari ya mtu mmoja. Huyu alitaka bangili, yule alitaka picha ya tembo akifanya kazi. Mwalimu wa shule akachora ramani ubaoni, bahari yote akaipaka chaki ya bluu mpaka chaki ikaisha.

Sasa ukweli ni huu, na afadhali tuuseme mapema: Bi Hawa hakutaka kwenda. Hakuogopa ndege, wala chakula, wala lugha. Aliogopa kuchomwa.

Alipokuwa na miaka minane, baba yake alikodiwa kupeleka kuni mjini Mtwara. Mzee mmoja wa Kibaniani, mwenye duka, mtu mwema aliyependwa na wengi, alikuwa amefariki, na jamaa zake walimchoma moto kwa taratibu za dini yao. Baba alirudi nyumbani, akanawa, akakaa mbele ya ugali asiuguse. "Kwao India wote ndivyo wanavyofanyiwa," alisema. Maneno hayo yalimwingia binti yake, na kwa miaka arobaini hayakumtoka. Wahindi Waislamu aliwajua, mjini walikuwepo. Lakini alijieleza kwamba hao ndio waliokimbilia huku ili wasichomwe. Mtu akishaogopa hakosi maelezo.

Na kuuliza hakuweza. Unapangiwa safari, watu wanakushangilia, halafu wewe uulize habari za makaburi? Huo ungekuwa uchuro, tena uchuro wa kujitakia. Kwa hiyo alinyamaza, na tumaini lake lote akaliweka kwa mumewe, Mohamedi. Huyo kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumruhusu aende hata harusini Ziwani bila kumhoji mara tatu. Bi Hawa akampelekea habari kwa sauti ya mtu anayeomba kukataliwa. Mohamedi hakungoja amalize. "Nenda, mke wangu, nenda!" akasema, akavaa kofia na kutoka kwenda kuwatangazia wenzake barazani.

Ndipo likaja suala la pasipoti. Irene alimpeleka mjini, ofisi ya uhamiaji, wakampata karani mpole aliyeitwa Elia. Jina lake Bi Hawa alijua kuliandika, lakini fomu ilitaka na dole gumba. Akalichovya, akalikandamiza. Elia akatazama, akampa karatasi nyingine, akatazama tena. Palikuwa na doa jeusi tu, bila mstari hata mmoja. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yameila ngozi ile msimu baada ya msimu, ikabaki laini na nyeusi.

"Mama, hapa hakuna mtu," Elia akasema kwa masikitiko. "Hili ni doa."

Alieleza kwamba fomu zinakwenda Dar es Salaam baada ya siku kumi na nne. Asiguse korosho siku zote hizo, apake mafuta, pengine ngozi itarudi. Isiporudi, safari hakuna. Na Irene akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna muda wa kuandaa mtu mwingine wa Mpapura. Nafasi itahamia kwa kikundi cha Naliendele ambacho mtu wao ana pasipoti tayari.

Bi Hawa alitikisa kichwa kwa huzuni mbele za watu. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele. Kumbe mlango wa kutokea alikuwa nao mkononi muda wote! Hakuna atakayesema Hawa ameogopa. Watasema dole limekataa, na dole halina mtu wa kulilaumu.

Lakini wanawake wa kikundi hawakuwa watu wa kukata tamaa. Amina, dada yake Mohamedi, alihamia nyumbani kwa kaka yake siku hiyohiyo, na kitanda chake kichwani. "Wifi, mikono yako kuanzia leo si yako," akatangaza. "Ni ya kikundi." Akamnyang'anya kigongo cha kubangulia. Akamzuia kumenya muhogo, kufua, hata kushika jivu. Asubuhi na jioni alimsugua vidole kwa mafuta ya nazi huku akivihesabu kimoja kimoja. Na kweli, siku ya nne ngozi nyeusi ilianza kubanduka.

Bi Hawa alipoiona ngozi mpya akajua lazima afanye jambo. Asubuhi ya siku ya tano, Amina alipokwenda kisimani, alitoa korosho alizoficha chini ya kitanda, akaenda nyuma ya jiko na jiwe mkononi. Hakuzikaanga; aliziponda mbichi, maana mbichi ndizo zenye mafuta makali. Wala hakupaka jivu mikononi, lile linalokinga ngozi na mafuta. Alibana korosho kwa dole gumba na kidole cha shahada na cha kati, mkono mmoja kisha mwingine, akaponda, akaacha mafuta yaungue yanavyotaka. Yaliuma mpaka machozi. Kisha akanawa, akaficha punje kwenye chungu kikuukuu, akarudi ukumbini kukaa kama bibi harusi. Alifanya hivyo kila siku. Amina alisugua, alisugua, akashangaa ni ngozi gani hii isiyopokea dawa.

Siku ya kumi na moja Amina alitafuta chungu cha kulowekea muhogo. Alipofunua kile kikuukuu akakuta punje zimejaa mpaka shingoni, na zote nzima. Mkono ule haukuvunja hata ulipokuwa unahujumu. Alikibeba chungu mpaka ukumbini, akakitua mbele ya wifi yake.

"Yalaa! Hawa! Siku kumi na moja nakukanda kama mtoto mchanga, kumbe unanizunguka? Kama hutaki kwenda si ungesema? Sisi tumekukosea nini?"

Bi Hawa alitafuta uongo, akaukosa. Akalia. Katikati ya kilio akayasema yote: kuni za baba, ugali usioguswa, na kwamba akifa huko Kochi hakuna atakayemwosha wala kumvika sanda, atageuzwa moshi, na Mohamedi hatakuwa na mahali pa kumsomea dua.

Amina alikuwa amejiandaa kugomba mpaka adhuhuri. Badala yake akakaa sakafuni. "Kumbe umebeba jambo zito hivyo peke yako," akasema. Kisha akasimama, akajifunga khanga. "Mimi jibu sina. Aliyefika huko ni Irene. Twende."

Irene walimkuta ghalani, anapima unyevu wa korosho. Alikuwa Mkristo kutoka Rombo, na Amina alipoanza kumweleza, Bi Hawa alikuwa anatazama mlango, akingoja achekwe. Irene hakucheka.

"Mama Hawa, nisikilize," alisema. "Nyumba tuliyofikia ilikuwa karibu na msikiti. Wiki mbili nzima nimeamshwa na adhana, tena mimi ninayependa usingizi. Na Ijumaa moja kivuko kilichelewa kwa sababu ya mazishi. Niliona jeneza limebebwa mabegani, wanaume wamevaa kofia, wanapokezana mbiombio. Nilimwuliza mwenyeji wetu wanakwenda wapi. Akanionyesha makaburi, yako kando ya msikiti."

"Wanazika?" Bi Hawa akauliza.

"Wanazika, mama. Waislamu wako wengi, na wanazika kama mnavyozika nyinyi. Wanaochoma ni wa dini nyingine, na huwachoma watu wao."

"Umeona mwenyewe? Hukuhadithiwa?"

"Kwa macho yangu haya."

Bi Hawa akakaa juu ya gunia. Miaka arobaini! Na dawa yake ilikuwa swali moja. Akaanza kucheka, Amina naye akacheka, na wapakiaji nje wakanyamaza kusikiliza kuna nini.

Lakini Bi Hawa alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Akamwomba Irene aandike karatasi ya kusafiri nayo: Hawa binti Nampota wa Mpapura, akifariki popote, aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe ameelekezwa kibla. Irene akaandika, akampa kalamu aweke saini.

"Saini yeyote anaweza kuighushi," Bi Hawa akasema. "Hapa naweka dole."

Akachovya kwenye wino wa mhuri, akakandamiza kwa nguvu zote za moyo wake. Alipoinua mkono, wote watatu waliona doa jeusi, bila mstari hata mmoja.

Kicheko kikamkatika. Kwa mara ya kwanza tangu jina lake liandikwe alitaka kwenda Kochi, aliitaka ile bahari na yale maghala kwa uchungu, na zilikuwa zimebaki siku tatu. "Nimejifungia mlango mwenyewe," akasema. Amina alikuwa ameshaanza kumsugua kwa mafuta ya nazi aliyotembea nayo.

Siku tatu hizo hakukulika wala hakukulalika. Kikundi kizima kilijua, maana Amina hakuwa mtu wa kuweka siri, na walikuja mmoja mmoja kutazama dole kama watu wanaotazama mgonjwa. Mmoja akaleta asali, mwingine majani ya mpapai. Bi Hawa aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja, na wengine walikuwa na hasira kweli, wakamwambia.

Siku ya kumi na nne walirudi kwa Elia, Bi Hawa katikati, Irene na Amina ubavuni. Dole gumba la kulia likatoa doa. La kushoto likatoa doa. Elia akaweka karatasi pembeni taratibu.

"Mama, sheria—"

"Mwanangu, ngoja kwanza," Bi Hawa alisema. "Haya madole nimeyaharibu mimi mwenyewe, kwa makusudi, na nakuambia mbele ya mashahidi. Nilikuwa naogopa. Sasa siogopi. Mungu amenipa vidole kumi. Hivi vingine vyote havina haki ya kunisemea?"

Elia alimtazama, akatazama karatasi, akainuka na kuingia chumba cha bosi wake. Alikaa humo muda mrefu. Aliporudi alikuwa na fomu mpya. Mkubwa alikuwa amekubali: kama dole gumba limeharibika kwa kazi, kichukuliwe kidole kingine chochote chenye mistari, na sababu iandikwe pembeni. Wakajaribu cha shahada, doa. Cha kati, doa. Cha pete kikatoa mistari miwili mitatu, Elia akatikisa kichwa. Akakishika kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho katika kubangua hakishiki kitu, akakiviringisha kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Mistari ikatoka yote, miduara ndani ya miduara, myembamba, safi.

"Sasa hapa pana mtu," Elia akasema.

Amina alipiga kigelegele ndani ya ofisi ya serikali, akaambiwa anyamaze, akapiga kingine. Bi Hawa hakupiga. Alisimama akiitazama ile alama huku machozi yanamtiririka. Alikuwa amewaza mazishi yake yote, sanda, maji, watu wa kumbeba, na safari yenyewe hakuiwaza hata siku moja. Hakujua Kochi kunanyesha au kuna jua. Hakujua wanawake wa huko wanabangua wamekaa au wamesimama.

Alianza kuuliza kabla hawajafika barabarani. Nauli ya kile kivuko analipa nani? Samaki wao wanawapika kwa nazi? Akitaka kununua bangili kumi na tisa watampunguzia? Irene alijibu kadiri alivyojua, kisha akachoka, akasema mengine atayaona mwenyewe. Bi Hawa akamgeukia Amina, akaendelea kuuliza vilevile, mpaka wanaingia Mpapura.