Ndiyo, Doña Petrona

Petrona Mateo alikuwa na miaka hamsini na tisa aliporudishwa darasani, na kosa lililompeleka huko lilikuwa limeshaua mtu.

Wakili hakuwa. Alikuwa mama wa ofisi ya parokia, upande wa kusini wa Omaha, na kwa miaka kumi na miwili aliwajazia fomu watu wa kwao, Wamaya wa milima ya Guatemala waliokuja Nebraska kukata nyama viwandani. Halafu serikali ikampa kibali, kama inavyowapa wachache wasio mawakili, asimame mbele ya jaji wa uhamiaji na kumtetea mtu. Wa kwanza kusimamiwa naye alikuwa don Baltazar Diego, don na doña zikiwa bwana na bibi kwa Kihispania.

Sasa, kwao Petrona, mtu akikusimulia shida yake humwachi aseme peke yake. Akisema walikuja, nawe unasema walikuja, ndiyo, walikuja. Akikwama unamsogezea neno. Ukikaa kimya umemwacha njiani na mzigo mgongoni. Basi Petrona akaenda na adabu hiyo mpaka mahakamani. "Walikuja wale watu, si ndiyo, don Baltazar? Wakakuambia uhame shambani, si ndiyo?" Na don Baltazar, kofia magotini, akajibu kila swali kwa upole: "Ndiyo, doña Petrona."

Jaji yule aliandika kwamba aliyesikika siku ile ni msimamizi, shahidi hakusikika. Don Baltazar akarudishwa kwao. Mwezi wa tano baada ya kurudi, wakamwokota korongoni nyuma ya shamba lake.

Tangu hapo palipotulia tu, Petrona alimsikia. Akizima jiko na maji yakaacha kuchemka, ndiyo, doña Petrona. Padre akimaliza sala, kabla watu hawajaitikia, ndiyo, doña Petrona. Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu asiyetaka kukusumbua, na hiyo ndiyo iliyomkondesha. Akawa anaacha redio ikilia kutwa, hata akienda kuoga.

Na sasa alikuwa na Micaela Andrés mkononi. Micaela alikuwa na miaka ishirini na nne. Alimwona shemeji yake akimuua dada yake, na shemeji akaapa kwamba aliyeona naye atafuata. Kesi ilikuwa Jumanne. Micaela akikataliwa hifadhi, angerudishwa kijiji kilekile, kwa mtu yuleyule.

Kwa hiyo Jumamosi Petrona akaenda kwenye mafunzo, chini ya kanisa, ambako meza zilikuwa zimepangwa kama mahakama. Mwalimu alikuwa Bi Novak, wakili mstaafu mwenye fimbo ya kutembelea. Shahidi wa kuigiza alikuwa Gatluak Thon, Mnueri mrefu kama nguzo ya umeme, naye akijifunza kazi hiyohiyo kwa ajili ya watu wake wa Sudan Kusini.

Petrona akasimama. "Ulikuwa nyumbani siku hiyo, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," akasema Gatluak.

"Na askari walikuja na gari, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama." Akajinyoosha kitini, akavuta kikombe chake. "Endelea tu. Wewe unajua yote. Mimi ninywe kahawa yangu."

Watu wakacheka. Petrona hakucheka.

"Napinga," akasema Bi Novak kutoka meza ya serikali. "Anamwongoza shahidi. Doña Petrona, siku hiyo nani alikuwepo pale? Wewe au yeye?"

"Yeye."

"Basi muulize kilitokea nini, halafu funga mdomo. Na wewe Gatluak, usimjibu haraka. Mkawize."

"Hapo sasa umenipa kazi ninayoiweza. Muulize mke wangu."

Petrona akauliza. "Kisha kilitokea nini?"

Gatluak akatazama sakafu, akanyamaza. Bomba la maji ya moto likagonga mara moja ukutani, likanyamaza nalo. Petrona akahesabu moja, mbili, tatu. Ndiyo, doña Petrona. Ilitoka palepale kwenye kiti, kifuani mwa Gatluak, na midomo ya Gatluak haikusogea.

"Walikupiga, si ndiyo?" Petrona akaropoka. "Walikupiga wakakuacha?"

"Mama," Gatluak akasema taratibu, mzaha umemtoka, "hata faili hii ya kuigiza haina kupigwa popote."

Wakati wa chakula Bi Novak akamkuta ngazini, kaketi na koti lake, tamali, ule mkate wa mahindi wa kwao, haijafunguliwa jani lake. Akajishusha pembeni yake kwa shida.

"Unamsikia mtu," akasema.

"Nikinyamaza tu."

"Mimi ninao wanne. Mmoja ni wa mwaka ule nilipopooza mguu." Akaiweka fimbo magotini. "Hawaondoki, mwenzangu. Sitakudanganya. Lakini ukimkimbia wako, unayemkanyaga ni huyu aliye hai mbele yako. Mwache aseme hicho anachosema. Wewe subiri."

Wakarudi ndani. Mpaka saa kumi Petrona aliuliza swali lile moja, na Gatluak akamkawiza, na kila mara alimsikia don Baltazar kwanza. Mara tisa alishindwa. Mara ya kumi alijiuma ulimi akasubiri mpaka Gatluak akasema.

Jumanne theluji ilikuwa inayeyuka. Micaela aliketi kwenye kiti cha shahidi, viatu havigusi sakafu vizuri. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti tu kutoka mji mwingine. Petrona akauliza majina, kijiji, watoto wa dada. Kisha akafika pale.

"Jioni ile kilitokea nini?"

Simu ikatafsiri. Micaela hakujibu.

Mwanasheria wa serikali, kijana mwenye mafua, akainua kichwa. Jaji, mwanamke wa makamo, akaacha kuandika. Na ndani ya ule ukimya akaja, mpole vilevile: ndiyo, doña Petrona. Maneno yalikuwa yamemjaa Petrona mdomoni, tayari kabisa. Alivunja mlango, si ndiyo, mwanangu? Akayameza. Ndiyo, doña Petrona, ikasema tena, karibu zaidi, na baridi kama ya koti lililolowa ikampanda shingoni. Hakugeuka. Alimtazama Micaela tu.

"Mlango niliufungua mimi," akasema Micaela.

Karatasi ya maelezo, aliyoiandika Petrona kwa mkono wake, ilisema shemeji alivunja mlango.

"Alisema amesikia mtoto wao ana homa, anataka kumwona. Dada alikuwa amelala. Alishanikataza nisimfungulie. Nikamfungulia."

"Kisha?" akauliza Petrona. Sauti ilikuwa ndogo. Akasubiri, na Micaela akasema yote, mpaka mwisho, kwa jicho kavu.

Kijana wa serikali akasimama na karatasi. "Hapa uliapa kwamba alivunja mlango. Leo umeufungua wewe. Tushike lipi?"

"Doña aliniuliza kama aliuvunja, nikasema ndiyo," akajibu Micaela. "Nilikuwa na aibu. Na hakuna aliyeniuliza akanyamaza."

Jaji akamgeukia Petrona. "Haya ya kwenye karatasi ni maneno ya nani?"

Petrona alijua anachoweza kupoteza. Kibali kilikuwa kwenye pochi yake. "Ni yangu, mheshimiwa. Yeye alikuwa analia, mimi nikammalizia."

Jaji akaisoma tena karatasi ile. Mwisho akasema kwamba mtu akitunga uongo mahakamani hujitafutia sifa, na yeye hajaona bado aliyekuja kujitungia aibu kama hii. Anamwamini shahidi. Hifadhi imekubaliwa. Kwa msimamizi akaongeza kwamba asirudi tena mbele yake na karatasi ya namna hiyo.

Kwenye korido Micaela alimshika mkono, akauliza kama sasa anaweza kumpigia simu mama yake. Petrona akamwambia mpigie, mpigie sasa hivi.

Yeye akarudi ofisini, akafungua kabati. Yalikuwamo mafaili kumi na tisa ya watu waliongoja tarehe zao. Akasoma la kwanza, la pili, la tatu. Katika yote matatu mlango ulivunjwa. Katika yote matatu watu walikuja usiku na kuondoka alfajiri. Alikuwa anasikia mtu mmoja tu akisema humo ndani, na mtu huyo ni yeye.

Akaizima redio. Akavuta simu, akampigia wa faili la juu, Andrés Juan, ambaye alikuwa ametoka zamu kiwandani.

"Njoo kesho uniambie habari zako," akasema.

"Si nilishakwambia, doña?"

"Hapana, mwanangu. Nilikwambia mimi."