Kope Zilizolia Kama Bawaba

Mkaguzi wa chupa alikaa kwenye kiti chake cha chuma, akawasha taa nyeupe iliyokuwa nyuma ya mkanda unaosafirisha chupa kiwandani, akakodoa macho. Chupa zikaanza kupita mbele ya mwanga. Kazi yake ilikuwa kuchomoa zenye ufa. Katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kupepesa macho mkanda ukitembea, maana chupa mbovu, walivyoambiwa, hupita jicho likiwa limefumba. Wanawake wa pale walibana kupepesa kama watu wanavyobana chafya, wakapepesa kwa pupa kengele ya mapumziko ilipolia.

Asubuhi hiyo jicho lake la kushoto lilimponyoka, likapepesa. Kope ikalia kwiii, kama mlango wa stoo.

Msimamizi, waliyemwita Masikio, alikuwa kitini nyuma ya chumba, amefumba macho, mikono juu ya kitambi. Hakuyafumbua.

"Kiti cha dirishani," alisema. "Nimekusikia."

"Samahani, bosi. Vumbi hilo."

"Vumbi halina sauti. Ukilia tena, ukalilie kwenu."

Hakuna aliyegeuka. Kope za wakaguzi wote huishia kulia, na mwenzao mmoja alikuwa amefukuzwa juzi tu, kope zake zikikoroma kama chura.

Mume wake alikuwa fundi milango. Jioni, aliposikia kilio kikitoka jikoni, alichukua kopo lake la mafuta bila kufikiri, akatia bawaba za dirisha, akatia za kabati. Kilio kikaendelea.

"Ni mimi," mke alisema.

Mume akamwinamia usoni, kopo mkononi.

"Thubutu! Mimi si kabati."

"Mke wangu, kitu kikilia kinatiwa mafuta. Elimu nyingine sina."

"Basi leo kalale na kabati lako."

Alicheka, na kicheko kikamuuma. Kope ya juu ilikuwa imeota uvimbe mgumu kama punje ya mtama. Macho yalichoma kana kwamba yamefutwa kwa mchanga, na alipotaka kuyafumba kope zilikwama katikati. Alilala macho nusu wazi, chupa zikimpitia darini. Akipepesa, kazi imekwenda. Asipopepesa, macho yamekwenda. Alichotaka ni kufumba macho tu, bila mtaa mzima kusikia.

Muuguzi wa macho pale zahanati alimwekea kipimo cha kusikilizia moyo juu ya kope.

"Pepesa."

Kwiii.

"Mafuta unayo, mwanangu," alisema. "Kwenye ukingo wa kope kuna tezi ndogondogo, zimepangana kama meno ya kitana. Ukipepesa zinakamuliwa, mafuta yanatandaa juu ya chozi ili lisikauke. Wewe hupepesi, yameganda humohumo. Huo uvimbe ni tezi iliyoziba kabisa."

"Na dawa yake?"

"Kitambaa safi na maji ya moto, lakini yasikuunguze. Funika macho mpaka kope zilainike, kisha sukuma polepole kwa kidole kuelekea kwenye nywele za kope. Asubuhi na jioni. Uvimbe usiutumbue. Na upepese."

"Kazini hawaruhusu."

"Najua. Yule mwenzenu aliyefukuzwa amepita hapa."

Mume ndiye aliyechemsha maji. Vidole vilivyozoea nyundo na misumari vikajifunza kusukuma kope kama mtu anayelaza mtoto. Siku zilipita, uvimbe ukanywea, na jioni moja mafuta yakatoka, mepesi, yakimeta. Kope ikashuka kimya. Ikapanda, ikashuka tena.

"Umesikia?" mke aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo!"

Alikaa kizingitini akapepesa kupepesa kote alikokubana tangu alipoajiriwa. Mume, aliyekaa kando yake, alihisi kijiupepo shavuni, akafunga kifungo cha shati. Kisha mke akafumba macho, yakafumba kweli, akalala palepale begani kwa mumewe.

Kazini aliwafundisha wenzake. Wakati wa mapumziko walitandaza vitambaa vyao vyenye maji juu ya bomba la moto la mtambo wa kuoshea chupa, wakajifunika macho, wakasukumana kope wakitaniana. "Taratibu, shoga, hiyo si nazi!" Kidogo kidogo chumba kikanyamaza.

Masikio aliusikiliza ukimya ule, akamwita meneja. Meneja akasimama mlangoni, naye akafumba macho, akasikiliza.

"Hapepesi hata mmoja," alisema. "Hongereni sana, akina mama. Kumbe mnaweza. Ongeza kasi ya mkanda."

"Asante, bosi," walijibu kwa pamoja.

Mkanda ukaanza mbio. Masikio akarudi kitini pake, akajilaza. Mkaguzi wa kiti cha dirishani akapepesa, taratibu, kwa raha zake, kope zikiteleza juu ya macho yaliyolowa vizuri. Alipofumbua, chupa mbili zilikuwa zimeshampita. Akazitakia safari njema.