Muchele wa Mashini ya Papa Djamali

Asubui ya Maulidi, pale Kasongo, Mama Feza alikuwa anatoa mawe ndani ya muchele na mukono moja. Ule wa kushoto ungali na bandeji, maana mashini ya kukoboa ya Papa Djamali ilimukata kidole wakati anasukuma mupunga ndani ya kinywa cha ile mashini. Mara moja moja alikuwa anatafuna punje mbichi.

“Nikitafuna, kidole kinarudi,” alimuambia Mounira, binti ya dada yake. “Hata kinawasha.”

“Na ukimeza?”

“Kinaenda.”

Mounira hakuona ajabu. Tangu ajali, kila mutu aliyekula muchele wa ile mashini alikuwa anakumbuka ule mukono. Kilichomusumbua ni kingine: mbona Papa Djamali, mwenye mashini, tangu ile siku anakula bugali tu?

Mounira alisomea Bukavu, programe za mashini, na hakuna habari iliyowahi kulala kwake mpaka kesho. Mutaa muzima alikwisha kuuelezea. Kile kisanduku chenye kuamuru mashini kiko na vyumba vya kukumbukia. Kuna vya kuhesabia magunia, na pembeni yake kuna kimoja cha mukono: taa ya kinywani ikiona mukono, simama. Wakati wa mavuno vyumba vya magunia vinajaa, na gunia linalozidi linaingia cha jirani bila hodi. Kwa hiyo fundi anaweka mpaka: vikijaa, piga kelele, zima mashini. Mpaka ulikuwako. Lakini mutu alinyamazisha ile kelele, mashini ikaendelea, na mukono ukasukumwa inje ya chumba chake. Kumbukumbu haiwezi kukaa hewani. Ilianguka ndani ya muchele.

“Mutu gani?” watu walikuwa wanauliza, huku wanaangaliana.

Papa Djamali alikuwa na jibu lake: “Feza alizubaa. Alikuwa anapiga masolo na wateja, maneno tu.”

Maulidi yalisomwa kwake, na huwezi kuwapa wageni pilau wewe ukala bugali. Mounira alikaa mbele yake kabisa, macho kwenye vidole vyake. Wakasema bismillahi. Kwa tonge ya kwanza, uwanja muzima ulivuta mukono wa kushoto kifuani, kwa mara moja. Kwa tonge ya pili kikaja kitu ambacho punje mbichi zilikuwa hazijatoa: kelele inalia, kidole gumba cha mutu mwingine kinabonyeza butoni ya kuendelea, na baridi ya pete inagusa kioo cha kisanduku. Pete yenye jiwe la kijani.

Papa Djamali naye alikuwa amemeza. Mukono wake wa kushoto ulikuwa kifuani, na ile pete kidoleni.

“Muchele wa mwaka huu iko na ladha,” alisema.

“Iko,” wakajibu. Mutu moja akaomba pilipili.

Dua ilipokwisha, Mounira alimufuata mpaka kwenye mulango.

“Papa, unipe namba ya siri ya kisanduku. Niirudishie kelele yake. Ni kazi kidogo tu.”

“Binti yangu, na mashini isimame kila gunia likizidi? Watu wa kule Wamaza wanatoka mbali na pikipiki. Mavuno yakiisha, tutaona.”

“Na kidole cha mama mudogo?”

“Si umekula? Sisi wote tunakikumbuka. Sasa kimepotea wapi?”

Mounira alipitisha ulimi kinywani. Muchele ungali katikati ya meno.

Siku hizi, Kasongo, watu wanakula wamekalia mukono wa kushoto, ili usiruke kila saa na kumwaga supu. Wageni wa Kabambare wanauliza hiyo ni desturi ya nini.

“Muchele wa kwa Djamali,” wanaambiwa. “Utazoea. Ongeza mboga ya sombe.”

Mama Feza amerudi kazini, maana hana ingine. Mukono wa kushoto ungali unamuuma, kwa hiyo mupunga anausukuma na wa kuume.